Sapu ya numeriko: chora kwanza, kokotoa baadaye

Juzi kijana wa Chumbageni kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata sapu ya numeriko na nyumbani sijasema. Nifanyeje?" Niliumia, maana na mimi nilipita hapo hapo: nilianguka numeriko, somo la kukadiria majibu ya hesabu hatua kwa hatua, nikapewa sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Kwetu Ngamiani, Tanga, habari hazifichiki. Niliporudi likizo, mzee mmoja aliniuliza mbele ya baraza zima kama kweli hesabu zimenishinda. Sijasahau mpaka leo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba swali lililoniangusha nilikuwa nalijua: tafuta x pale cos x inapolingana na x, desimali nne. Unaweka 1, unabonyeza cos, jibu linalokuja unalipigia cos tena, mpaka tarakimu zitulie. Zangu zilitulia upesi, 0.9998, nikapiga mstari kwa furaha. Jibu ni 0.7391. Kalkuleta ilikuwa kwenye digrii badala ya radiani, kipimo kingine cha pembe. Kile kiherufi D kilikuwa juu ya kioo muda wote, sikukitazama. Jamani, kitazameni!

Likizo ile nilikaa barazani kwa bibi na daftari, kompyuta sikuigusa. Nilianza na kipeuo cha pili cha 2. Ukigawa nafasi ya kati ya 1 na 2 nusu kwa nusu, unakata mara 20 ndipo kosa lishuke chini ya moja ya milioni. Newton-Raphson, njia ya kusahihisha kisio kwa fomula hatua kwa hatua, ukianza na 1, inakupa 1.5, kisha 1.4167, kisha 1.4142. Hatua tatu tu! Nikaipenda.

Halafu nikakutana na x³ − 2x + 2 = 0. Nilianza na 0, fomula ikanipa 1. Nikaweka 1, ikanirudisha 0. Nikafuta, nikarudia: 1, 0, 1, 0, mpaka adhana ya Magharibi. Kumbe sikukosea popote, mahali pa kuanzia ndipo palipokuwa pabaya. Nilipochora grafu nikaona mstari wake unakata mhimili wa x mara moja tu, kati ya −2 na −1. Nikaanza na −2, na hatua ya tatu ikanipa −1.7693.

Kwa hiyo mdogo wangu, chora kwanza. Ningechora siku ya pepa, ningeona cos inakutana na x karibu na 0.7 na lile 0.9998 ningelitilia shaka. Mnakariri fomula usiku kucha, na fomula haikwambii uanzie wapi! Fanya kwa mkono, kila hatua iandike kwenye jedwali. Chora, kokotoa kwa mkono, rudia.

Sapu niliipita. Chuoni kwetu sapu haivuki C, lakini C ile naiheshimu kuliko A zangu zote.

Nyumbani sema leo, anza na mama. Wiki hii nipo Ngamiani, njoo baada ya Isha na kalkuleta yako na daftari tupu.