Kila asubuhi naaga naenda kazini, kazi yenyewe haipo

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 53, nakaa Uyole, Mbeya. Nina shahada ya uzamili ya afya ya jamii na miaka 19 kwenye miradi ya UKIMWI. Mradi wetu ulitegemea fedha za Marekani. Misaada iliposimamishwa mwaka 2025, tukapewa barua. Nimemaliza miezi mitano bila kazi na mke wangu hajui. Kila asubuhi ananifungia chakula, napanda daladala hadi Mwanjelwa, nakaa hadi saa kumi. Rafiki mmoja anasema nifute uzamili kwenye CV, eti unawatisha waajiri. Mwingine ananihimiza nichukue mafao yote NSSF nikapande parachichi Rungwe. Nifanyeje? Baba Wawili."

Marahaba, baba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye hicho chakula. Miezi mitano mama wa watu anaamka alfajiri, na baridi ya Uyole tunaijua, anachemsha ndizi, anazipanga kwenye hotpoti, nawe unakwenda kuzila peke yako Mwanjelwa.

Wala sidhani kwamba hajui kitu. Mke wa mtu wa miradi humsoma mumewe kwenye viatu. Ulikuwa ukirudi na vumbi la Chunya. Siku hizi viatu vinarudi vinang'aa vilevile ulivyovipiga kiwi asubuhi. Pengine anakusubiri useme.

Mwambie Jumamosi hii, watoto wakiwa wametoka. Usianze na parachichi. Sema mkataba ulivunjwa lini, sema uliona aibu, kisha nyamaza. Akilia, mwache alie. Akifoka, mwache afoke. Kitakachomuuma ni hiyo miezi mitano, na kwa miezi hiyo muombe radhi.

Mafao usiyaguse kabla hamjakaa wawili. Kama miaka yote 19 ulikatwa na michango ikafika, hiyo ni miezi 228. Pensheni inataka 180, na ukitimiza 55 unaweza kuomba kustaafu kwa hiari. Ukiyakomba mafao leo utazeekea mikononi mwa watoto. Haki yako ya sasa ni fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari yake.

Parachichi ni zao zuri, lakini mche wa aina ya Hass hukaa kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa, na ada inadaiwa Januari.

Uzamili usiufute. Matangazo mengi ya ajira serikalini yanataka mwombaji asiyezidi miaka 45, na hilo linaniuma sana, maana nchi imekusomesha halafu inakufungia mlango ukiwa umekomaa. Hapo hata ungefuta vyeti vyote, tarehe ya kuzaliwa inabaki. Nafasi yako naiona kwenye kazi za muda: vipindi vya kufundisha vyuo vya afya vya kati, tathmini za miradi, kuandikia asasi ndogo maandiko ya miradi. Huko uzamili ndio unaoulizwa kwanza.

Jumatatu nendeni wote NSSF, wewe na barua ya kusitishiwa mkataba, yeye na hotpoti lake.