Jibu kwa Mjomba kuhusu Wajapani na dini yao

Mjomba, shikamoo. Na nyote mliomo kwenye kundi la ukoo, assalaam alaykum.

Ulituma ile video ya mashabiki wa Japani wakiokota takataka uwanjani Qatar mwaka 2022, ukaandika chini yake: "Hawa hawana Kurani wala Biblia, mbona hawaibi wala hawachafui? Nasikia wameirudia Shinto yao ya asili, ndiyo maana wamenyooka. Na sisi tukirudi kwenye mila, rushwa itakwisha. Wewe uliye huko hebu tueleze." Watu wengi wakakuunga mkono. Nimekaa kimya wiki nzima kwa sababu jambo hili si la kujibiwa kwa mstari mmoja.

Nianze na gari lako. Ile Noah ina stika kwenye kioo cha nyuma, herufi nne za Kijapani, na mpaka leo hujaibandua. Maana yake ni "usalama barabarani". Mwenye gari wa kwanza alilipeleka jinja, yaani kwenye hekalu la Shinto, kuhani akalipungia fimbo yenye vipande vya karatasi nyeupe, na stika akapewa hapo. Mimi hapa Nagoya niko kwenye yadi ya magari yaliyotumika, na mara nyingi nikifungua droo ya dashibodi nakuta kijifuko cha kitambaa, omamori, hirizi ya msafiri. Mwaka wa kwanza nilikuwa nazitupa. Mama anayesafisha ofisi aliniona. Hakunifokea, alileta boksi tu, akaandika juu yake "weka humu". Kila mwisho wa mwaka hulibeba mpaka jinja, hirizi zikachomwe kwa heshima. Nilimuuliza kama anaziamini. Akasema hajui, ila kitu kilichomlinda mtu hakitupwi pamoja na maganda.

Hilo "hajui" nimelisikia kwa wengi. Ukiwauliza dini yao, watu kibao hapa watakwambia hawana, na tarehe 1 Januari utawakuta kwenye foleni ya jinja tangu usiku wa manane. Shinto haina mtume wala shahada. Vitabu vyake vya kale, Kojiki cha mwaka 712 na Nihon Shoki cha mwaka 720, ni visa vya miungu na wafalme, hukuti humo orodha ya halali na haramu. Wanaowaabudu huitwa kami, nao si Mungu tunayemjua sisi: mlima unaweza kuwa kami, mti mkongwe, mto, hata marehemu aliyeheshimika. Na ubaya wa mtu mara nyingi husemwa kama uchafu uliomganda, kegare, na uchafu dawa yake ni kuoshwa. Ukifika jinja unanawa mikono na kusukutua kinywa. Mara ya kwanza nilisimama nikatazama, nikakumbuka udhu. Tarehe 30 Juni jinja nyingi huweka duara kubwa la majani na watu wakapita katikati yake kuondoa uchafu wa nusu mwaka. Desemba ikifika nchi nzima inasugua, majumbani, maofisini, na yadi yetu pia.

Kwa hiyo, Mjomba, hawajairudia. Hawakuwahi kuiacha, na wala wengi hawaiiti dini.

Kama kuna mahali nilipoelewa, ni Ise. Kutoka hapa ni kama saa moja na nusu kwa treni. Ndiko kwenye hekalu kuu la Amaterasu, kami wa jua. Nilitegemea jengo la kale lililochakaa. Kumbe lile jengo lilikuwa na umri mdogo kuliko binti yangu mkubwa! Wanalijenga upya kila baada ya miaka 20, desturi iliyoanza mwaka 690. Kuna wakati vita viliikatisha zaidi ya miaka mia, wakairudia. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, ya 62, na ijayo ni 2033. Pembeni ya jengo kuna kiwanja kitupu cha ukubwa uleule, kimetandazwa kokoto, kinasubiri zamu yake. Mbao ni za mti wa hinoki, paa ni la nyasi, na kipimo ni kilekile. Fundi anayejifunza akiwa kijana, miaka 20 baadaye ndiye anayeongoza kazi, na safari inayofuata, akijaliwa uhai, yeye ni mzee wa kuelekeza. Mbao za zamani hugawiwa jinja nyingine.

Nilipoona hivyo nilimkumbuka babu akitufundisha kusuka makuti kule Pangani. Paa la makuti usipoliezeka upya linavuja, na mtoto asiyeshika kuti mkononi hatajua kusuka hata umhubirie mwaka mzima. Ndivyo na huku. Binti yangu mdogo yuko darasa la tatu. Kila siku yeye na wenzake wanashika matambara na kusugua sakafu ya darasa. Somo la Shinto hafundishwi, katiba ya mwaka 1947 inakataza shule za serikali kufundisha dini. Anafuta tu, na akija nyumbani anafuta.

Sasa sehemu ambayo haimo kwenye video.

Niliwahi kuangusha pochi yenye yeni 38,000 kituoni. Jioni niliikuta koban, kile kibanda cha polisi cha mtaani, haijapungua hata sarafu. Lakini jua kwamba koban zimejaa mitaani, na sheria inampa aliyeokota haki ya kudai asilimia 5 hadi 20, na mwenyewe asipotokea ndani ya miezi mitatu, mali inakuwa ya aliyeiokota. Mtu mwema hapa amewekewa njia. Mwavuli hauna bahati hiyo: nimeibiwa minne, na baiskeli moja.

Bosi wangu wa kwanza, kabla sijaja yadi, alikuwa na kamidana kiwandani, rafu ndogo ya kami iliyowekwa juu ukutani. Kila asubuhi anainama, anapiga makofi mawili, anainama tena. Miezi saba hakutulipa saa za ziada, na pasipoti za wenzangu wawili alizifungia kabatini. Wajapani wenyewe wana jina la kazi hiyo isiyolipwa, wanaiita "sabisu zangyo", maana ni jambo lililozoeleka. Makofi yake hayakumzuia. Nayasema haya kwa sababu najua huko mna mabosi wa namna hiyo wenye sijda usoni.

Na kuna jirani yangu wa chini. Mzee mpole, hakuwa na kelele, takataka zake zimepangwa kuliko zangu. Hapa kanuni kubwa ni kutomsumbua mwenzio, nao wanaiita meiwaku, ule usumbufu. Yule mzee hakumsumbua mtu, na hakuna aliyemsumbua, mimi nikiwemo. Alikufa peke yake chumbani, akagunduliwa baada ya wiki tatu. Nilipita mlangoni kwake kila siku, Mjomba. Pangani mtu akikosekana swala mbili za alfajiri anabishiwa hodi. Huku kuna neno rasmi la kifo cha namna hiyo, kodokushi, na kuna makampuni ambayo kazi yake ni kusafisha vyumba hivyo. Walikuja na mavazi meupe, wakasugua mpaka chumba kikang'aa. Usafi wa aina hiyo ulinitoa machozi, na bado unanisumbua.

Ulisema serikali ishike mila, iwafundishe watu maadili. Hilo lilifanyika hapa. Baada ya mwaka 1868 serikali ya Meiji iliichukua Shinto ya vijijini, ikaitenganisha kwa nguvu na Ubuddha waliokuwa wameishi pamoja karne nyingi, ikaifanya chombo cha dola. Mwaka 1890 ikatolewa amri ya mfalme kuhusu elimu. Watoto waliikariri, na ikisomwa shuleni vichwa vinainamishwa. Ndani yake mna maneno mazuri sana: waheshimu wazazi, pendaneni ndugu, wekeni ahadi. Kisha inasema, ikitokea hatari, jitoeni kwa ajili ya dola. Watoto waliolelewa kwa maneno hayo ndio waliopelekwa Uchina na Pasifiki, kuua na kufa. Desemba 1945 Wamarekani waliivunja Shinto ya dola, tarehe 1 Januari 1946 mfalme akatangaza kwamba yeye si mungu aliye hai, na mwaka 1948 bunge likaifuta ile amri. Yasukuni, jinja ya wanajeshi waliokufa pale Tokyo, iliwaingiza mwaka 1978 wahalifu wakuu 14 wa vita miongoni mwa wanaoenziwa humo. Kila waziri mkuu akienda kusujudu pale, Uchina na Korea zinawaka, na wana haki ya kuumia.

Wapo wanasiasa wanaotaka hewa ile irudi, kwa jina la kufufua maadili. Mwaka 2018 maadili yakafanywa somo kamili lenye kitabu na tathmini kwenye shule za msingi. Mwaka mmoja kabla, kitabu kimoja cha darasa la kwanza kilipingwa na wakaguzi wa wizara kwamba hakijaonyesha vya kutosha mapenzi kwa utamaduni wa nchi. Wachapishaji wakaondoa duka la mikate, wakaweka duka la vitamu vya Kijapani. Nimekitazama kitabu cha binti yangu ukurasa kwa ukurasa. Hakimfundishi chochote ambacho lile tambara halijamfundisha.

Mtaani kwangu kila Oktoba kuna sikukuu ya jinja, vijana hubeba mikoshi, kiti cha kami, mabegani. Mzee wa mtaa, ana miaka 81, alinijia mlangoni kuniomba nibebe, kwa kuwa vijana wamekwisha. Nilimweleza kwamba mimi ni Mwislamu, siwezi kubeba kilichobeba mungu wa mtu mwingine. Nilidhani atakasirika. Akafikiri, akasema, "Basi njia utatufagilia?" Nikafagia. Huu ni mwaka wa nne.

Safari hii wamepatikana watu 14, na mikoshi ile inataka zaidi ya 20. Wakaifunga juu ya mkokoteni wenye magurudumu, mzee akatembea pembeni ameushika kwa mkono mmoja, mimi mbele na ufagio wangu, binti yangu nyuma yangu anaokota majani niliyoyaacha.

Nitapiga simu Jumamosi saa nne asubuhi ya huko. Mpe Shangazi salamu, na hiyo stika usiibandue.