Wali Usiochacha: Majibu kwa Wanaobeba Chakula Kazini

Wiki hizi wengi mmeniuliza jambo moja kwa sura tofauti: chakula cha nyumbani kitafikaje kazini kikiwa salama na kitamu, kwa joto hili la Lamu na safari za boti? Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Nitakaa zaidi kwenye lile la kwanza kwa sababu linagusa afya.

*Shikamoo bi. Nafundisha Mokowe, navuka kila siku kwa boti ya asubuhi. Napika wali wa nazi baada ya sala ya alfajiri na kuufunga ungali moto. Nikiufungua saa saba, umetoa maji na unanukia uchachu. Nakosea wapi? (Mwalimu, Langoni)*

Marahaba, mwalimu. Tatizo ni kuufunga moto ndani ya kontena la kawaida. Mvuke hauna pa kutokea, unagonga mfuniko na kurudi chini kuwa maji, na wali unabaki vuguvugu kwa saa nyingi. Vuguvugu ndiyo hali mbaya kuliko zote. Wataalamu wa usalama wa chakula wanatuambia vijidudu huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto hilo zaidi ya saa 2. Hewa ikipita nyuzi 32, iwe saa 1 tu. Nasi mwezi wa Machi, kaskazi inapokatika na kusi haijaanza, twalijua joto la vyumba vyetu.

Wali nao una hatari yake ambayo wengi hawajaisikia. Kuna bakteria iitwayo Bacillus cereus, ambayo mbegu zake hupatikana kwenye mchele na hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo zinaamka, zinazaana na kutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali moto upya, kwa hivyo maikrowevu ya ofisini haitakuokoa. Tui linazidisha mambo: lina maji, lina mafuta, lina utamu kidogo, na halina ukali wa kuvizuia vijidudu.

Njia ni mbili tu: chakula kikae moto kwelikweli au kikae baridi kwelikweli.

Ukitaka moto, tafuta thamosi ya chakula, ile ya chuma yenye mdomo mpana. Itie maji yanayochemka, ifunge kwa dakika 10, yamwage, kisha tia wali unaotoka jikoni ukifuka mvuke. Ijaze hadi juu, maana nafasi tupu hupoza chakula. Adhuhuri wali uwe moto wa kukufanya uupulize kabla ya kuutia kinywani. Ukiukuta vuguvugu, thamosi hiyo imechoka. Hotipoti tunazowekea chapati ni nzuri kwa kupeleka chakula mezani, lakini usizitegemee kutoka alfajiri mpaka saa saba.

Ukitaka baridi, pika jioni. Wali ukiiva, utandaze kwenye sinia uwe mwembamba, uupigie kipepeo au feni, na kabla ya dakika 60 kwisha uwe ndani ya friji. Asubuhi upange ungali baridi, juu yake laza chupa ndogo ya maji yaliyoganda, na vyote uviweke kwenye mfuko wenye bitana ya kuzuia joto. Barafu iwe juu kwa sababu ubaridi hushuka. Ukifika shuleni na kuna friji, mfuko uingie humo moja kwa moja.

Wali wa nazi uliopoa mafuta yake huganda na punje zinakuwa ngumu, kwa hivyo njia ya baridi haiutendei haki. Upeleke kwa thamosi, au uuache uwe chakula cha jioni nyumbani, na mkebe wa baridi upate pilau kavu au wali wa mafuta kidogo na iliki.

*Bi, naona kwenye simu visanduku vya Wajapani, bento, vimepangwa vizuri ajabu. Lazima ninunue kisanduku chenyewe? Na kuna faida gani zaidi ya urembo? (Karani, Mkomani)*

Hulazimiki kununua. Kontena lolote lenye kina kifupi na mfuniko unaobana litafaa.

Bento ni desturi ya muda mrefu kwao. Zama za Edo, kati ya 1603 na 1868, watazamaji wa michezo ya jukwaani walikula aina iitwayo makunouchi mchezo ukipumzika kati ya sehemu moja na nyingine. Tangu karne ya 19 stesheni za treni za Japani zinauza ekiben, na mara nyingi kisanduku hubeba vyakula vya eneo lile. Napenda sana wazo hilo. Kisanduku kikitoka Lamu, mtu akifungua ajue kimetoka Lamu.

Faida iko kwenye namna ya kufikiri. Wajapani hupoza chakula kabla ya kufunika. Hukausha mboga vizuri. Hujaza kisanduku kikakaza, kisiweze kusukwasukwa njiani, na chenye maji hukitenga na kikavu. Juu ya wali wengi huweka tunda dogo la umeboshi, lenye chumvi na ukali, wakiamini linaulinda wali usiharibike. Ukali wake hauendi mbali na pale linapogusa. Hivyo hivyo achari yetu ya ndimu: iweke pembeni kwa sababu ni tamu, lakini isichukue nafasi ya barafu.

Wana pia kipimo ambacho nakupendekezea: sehemu 3 za wali, sehemu 1 ya samaki, nyama au mayai, na sehemu 2 za mboga. Kontena la mililita 600 likijazwa hivyo, bila mafuta mengi, hukupa takriban kalori 600, mlo wa kutosha kwa mtu wa kazi ya ofisini. Kontena lako lipime kwa kikombe cha maji ujue linabeba kiasi gani.

Sasa tulijaze la kwetu. Nusu iwe pilau. Kando, kipande cha kolekole wa kukaanga. Kisha mchicha uliokaangwa kwa kitunguu ukakauka, usiwe wa nazi, na vipande vya karoti. Kachumbari iwe kwenye kikopo chake, chumvi na ndimu uzitie wakati wa kula, la sivyo nyanya zitatoa maji. Kutenganisha, tumia jani la mgomba lililobabuliwa motoni likalainika. Vile vijani vya plastiki unavyoviona kwenye bento za picha vimeiga majani halisi yaliyotumika zamani. Sisi yale halisi tunayo uani.

*Mimi kijana nafanya kazi bandarini Kililana. Nimepanga chumba, sina friji, nina jiko moja la gesi. Nitabeba nini?*

Mwanangu, beba vitu visivyohitaji friji, na kitu kimoja cha moto.

Cha moto kiwe pojo. Ziloweke usiku, asubuhi zitaiva upesi. Zikaange na kitunguu, nyanya na bizari, na zikitokota ziingie kwenye thamosi iliyopashwa kama nilivyomweleza mwalimu. Hapo una kitoweo cha kushibisha mtu anayefanya kazi ya mikono, kwa bei ndogo kuliko nyama.

Vya kukaa bila friji ni vingi: mikate ya mofa, chapati kavu, karanga, tende, ndizi, embe. Tango na karoti zibebe nzima uzikate hukohuko. Samaki wa kopo pia anafaa, ila kopo lifunguliwe wakati wa kula na limalizwe. Kilichobaki usikirudishe nyumbani. Na maji ya kunywa yawe mengi, maana jua la bandarini ni kali.

*Ofisini kwetu kuna wenzetu wa bara wanaolalamika nikila samaki. Niache? (Afisa, Lamu mjini)*

Usiache samaki! Badilisha upishi. Harufu hujaa chumba pale samaki wa jana anapopashwa kwenye maikrowevu. Basi beba samaki ambaye hahitaji kupashwa: katlesi za samaki zenye dania na ndimu, au minofu uliyoitoa miiba ukaichanganya na viazi vya kuponda na pilipili manga. Zitoke kwenye friji, zisafiri na barafu, uzile baridi. Samaki wa kupaka muache kwa nyumbani. Papa mkavu pia, nami nasema haya nikimpenda sana.

Kuna jambo zito zaidi ya harufu. Jodari, nguru na vibua wakikaa bila barafu baada ya kuvuliwa, vijidudu hutengeneza mwilini mwao kemikali iitwayo histamini, na kuipika hakuiondoi. Mlaji huhisi mdomo unawasha, uso unakuwa mwekundu na moto, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio. Wengi hudhani ni mzio. Kwa hivyo ukinunua samaki hawa, muulize mvuvi barafu ilikuwapo tangu saa ngapi, na kama amewalaza juani, mpite. Ndimu na bizari hazirekebishi samaki aliyeharibika.

*Nina kisukari. Mke wangu anasema mkebe wangu usiwe na wali kabisa. Ni kweli? (Msomaji, Shela)*

Bwana, la kwanza ni daktari wako, maana dawa unazotumia zinaamua pia unakula nini na saa ngapi. Kwa jumla, mpango unaopendekezwa kwa wenye kisukari ni nusu ya sahani mboga zisizo na wanga, robo kitoweo, robo wanga. Kwa hiyo kile kipimo cha 3, 1 na 2 si chako. Wali unaweza kuwemo, ila ubaki robo ya mkebe, na muhogo, viazi au chapati visiongezwe juu yake, kwa sababu vyote ni wanga. Bamia, biringani, mchicha na kabichi ndivyo vya kujazia. Juisi ya embe iache, na saa ya kula isipite.

*Mchuzi unamwagika kila nikipanda boti. Nifanyeje?*

Usibebe mchuzi mwepesi. Upunguze motoni mpaka ushikane na nyama. Kama lazima uwe na rojo, iweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kuzungusha, isimamishe, na uizungushie leso. Kabla ya kuuamini mkebe mpya, utie maji, uufunge na kuupindua juu ya beseni. Raba ya mfuniko itoe kila siku uioshe kando, humo ndimo harufu na ukungu hujificha. Kumbuka pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo tafuta kikapu au mfuko wa kitambaa wenye kitako kipana. Wakati wa kusi, upakate mapajani. Chini ya boti kuna maji.

*Bi, naona haya kula mkebe wangu mbele ya wenzangu wasiobeba chochote. Nikisema karibu nao wakaja, sibaki na kitu. (Mhudumu wa dukani, Langoni)*

Swali hili nimelipenda, maana sisi hatukulelewa kufungua chakula na kunyamaza. Neno "karibu" lazima lisemwe. Anayekula peke yake akiwa amewageuzia wenziwe mgongo, chakula hakimshuki vyema.

Nakushauri uandae kitu cha kugawika, kando na mlo wako. Kontena la pili, dogo, lenye vipande vya embe bichi na pilipili, au tende, au mahamri yaliyokatwa. Hilo liweke katikati na useme karibu kwa moyo wote. Wengi watachukua kimoja na kukuachia mkebe wako. Mkizoeana, pangeni zamu: leo wewe unaleta pojo, kesho mwingine mikate, mnakula sinia moja. Hivyo kila mmoja anapika mara chache na anakula vyakula tofauti. Ijumaa msiitie kwenye hesabu ya zamu, siku hiyo baada ya sala wengi huenda kula nyumbani.

Na kama yupo ambaye haleti kwa sababu hana, usimhesabie zamu. Mwite tu.

*Mimi na mke wangu sote tunafanya kazi, lakini yeye ndiye anayeamka kabla ya adhana kufunga mikebe miwili. Nataka kumpunguzia. Nianzie wapi? (Baba wa watoto wawili, Mkomani)*

Anzia jioni, bwana. Nyinyi mnakula chakula cha usiku kila siku. Pimeni mchele wa ziada humohumo, na kabla hamjakaa kula, wewe toa sehemu ya kesho, itandaze kwenye sinia, ipoe, uiingize friji. Ukisubiri mpaka baada ya kula na mazungumzo, itakuwa imeshakaa vuguvugu muda mrefu.

Jumapili kata vitunguu vya siku kadhaa, saga thomu na tangawizi, kaanga masala ya nyanya, yagawe kwenye vikopo na uyagandishe. Nazi ikune wewe, tui ligandishe pia. Usiku osha mikebe, ianike ikauke, na chupa za maji ziweke kwenye friza. Asubuhi kazi inayobaki ni kupanga, na hiyo ifanye wewe siku mbili za kwanza za wiki, yeye alale mpaka adhana. Muulize anapenda nini kwenye mkebe wake. Yaelekea amekuwa akipanga unavyovipenda wewe.