Nafuu za ushuru wa nyumba: nani amenunua ambaye hangenunua?

Mhariri, wiki hii mmewauliza wasomaji: wabunge wakikaa kupima nafuu za ushuru wanazopewa wanunuzi wa nyumba na wawekezaji, watajuaje kama zinafanya kazi? Nitajibu kwa Kenya, ambako nafuu hizi ni nyingi na kila Muswada wa Fedha huzigusa. Kwa maoni yangu, ile inayosifiwa zaidi, nafuu ya riba ya mkopo wa nyumba, haimpatii nyumba mtu ambaye hakuwa tayari ameshaipata. Hilo linaonekana kwa hesabu ya kalamu na karatasi.

Sheria ya Ushuru wa Mapato inamruhusu aliyekopa kununua au kuboresha (na tangu 2025 kujenga) nyumba anayoishi mwenyewe aondoe riba kwenye mapato yake kabla ya kukatwa ushuru. Kikomo kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwaka, mwaka 2017 kikapanda hadi 300,000, na tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 360,000, yaani 30,000 kwa mwezi. Wengi hudhani hizo 30,000 ndizo zinazorudi mfukoni. Sivyo. Kinachorudi ni ushuru ambao ungekatwa kwenye hizo 30,000. Kwa anayetozwa asilimia 30 ni shilingi 9,000 kwa mwezi, na kwa yule wa ngazi ya juu kabisa, ya asilimia 35, ni 10,500. Anayelipwa 24,000 kwa mwezi halipi ushuru wowote baada ya nafuu ya kibinafsi, zile 2,400 ambazo kila mlipaji hupunguziwa kwenye ushuru wa mwezi, kwa hiyo yeye harudishiwi hata senti. Kadiri mshahara unavyopanda ndivyo zawadi inavyoongezeka.

Tuchukue sasa mkopo wa kawaida. Ripoti ya Benki Kuu ya mwaka 2023 ilionyesha nchi nzima ina mikopo ya nyumba takriban 30,000, na wastani wake unazidi shilingi milioni 9 kila mmoja. Mkopo wa milioni 9 kwa riba ya asilimia 15 na muda wa miaka 20 unadai malipo ya karibu 118,500 kila mwezi. Anayeweza kutoa kiasi hicho hakusubiri 9,000 za serikali ili aamue kununua.

Kuna jambo jingine ambalo wabunge hulipita haraka. Kwa riba ya asilimia 15, mkopo wa takriban milioni 2.4 peke yake unatosha kufikisha 360,000 za riba katika mwaka wa kwanza. Kila shilingi inayokopwa juu ya hapo haiongezi nafuu hata kidogo. Kwa hiyo kwa wakopaji wengi nafuu hii haibadilishi uamuzi wowote, si wa kununua wala wa ukubwa wa nyumba. Ni nyongeza ya mshahara kwa mtu aliyekwisha kununua. Huko Denmark, ambako mageuzi ya ushuru ya mwaka 1987 yalipunguza sana faida ya kuondoa riba kwa wenye mapato ya juu, watafiti hawakuona tofauti katika idadi ya watu wanaomiliki nyumba. Walichoona kikibadilika ni ukubwa na thamani ya nyumba zilizonunuliwa.

Hata anayestahili hukwama njiani. Mwajiri hatapunguza PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara, mpaka apewe hati ya riba kutoka benki, na hati hiyo lazima itenganishe riba na sehemu ya mkopo wenyewe. Kosa linalojirudia kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya ushuru KRA, ni mtu kujaza jumla ya malipo ya mwaka badala ya riba pekee. Maombi yakikaguliwa, tofauti inageuka kuwa deni. Mwingine huhama, akapangisha nyumba, na kuendelea kudai nafuu ile ile. Nyumba ikishapangishwa, riba yake inahamia kwenye hesabu ya mapato ya kodi ya nyumba, ile anayolipa mpangaji. Asiyewahi kwa mwajiri hudai kwenye ritani yake, fomu ya ushuru ya mwaka, kufikia Juni 30, kisha anangoja kurejeshewa.

Mnunuzi wa mara ya kwanza hukwama wapi hasa? Mwanzoni, kwenye pesa taslimu. Nyumba ya milioni 4 jijini inataka amana ya asilimia 10, yaani 400,000, na ushuru wa stempu, unaolipwa umiliki unapohamishwa, wa asilimia 4, yaani 160,000, kabla ya kumlipa wakili na mthamini. Zaidi ya nusu milioni lazima iwepo siku ya kutia saini, na nafuu ya riba huanza kuingia miezi baadaye. Ndiyo maana naona msamaha wa ushuru wa stempu kwa mnunuzi wa mara ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu una mantiki kuliko nafuu ya riba: unagusa siku yenyewe ya kununua. Kasoro yake ni kwamba umefungwa ndani ya mpango huo. Mwalimu anayenunua flati iliyotumika huko Umoja, Nairobi, ya bei ile ile, analipa stempu yote. Mwaka 2025 nafuu ya riba ilipanuliwa ifike pia kwenye mikopo ya kujenga, na hilo lilikuwa sahihi kwa nchi ambayo watu hununua ploti kwanza, wakapandisha msingi, kisha wakaezeka baada ya miaka. Lakini anayejenga kwa pesa ya chama, kikundi cha kuweka akiba, na mshahara wa kila mwezi hana riba ya kudai.

Kwa wajenzi, kampuni inayojenga angalau nyumba 100 kwa mwaka, kwa idhini ya waziri, imekuwa ikitozwa asilimia 15 ya faida badala ya 30. Sharti lilianza kwa nyumba 400, likashushwa. Muswada wa Fedha wa 2025 ulipendekeza kiwango hicho kifutwe, na mabishano yakaegemea kama wajenzi "wataondoka". Swali lililopaswa kuulizwa ni jinsi kifungu kilivyoandikwa. Kinataja idadi, hakitaji bei ya kuuzia. Na kwa kuwa nafuu inahesabiwa kwenye faida, mwenye kuuza ghali anapata nafuu kubwa kuliko mwenye kuuza kwa faida ndogo. Mradi unaokamilisha nyumba 60 mwaka huu na 90 mwaka ujao haupati chochote, ingawa umejenga 150. Na yule anayepandisha flati za vyumba 30 kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, ambaye wapangaji wengi wa Nairobi wanamtegemea, hayumo kabisa. Kama nafuu itabaki, ifungwe kwenye bei ya juu iliyotajwa kwa shilingi na itolewe kwa kila nyumba iliyopata cheti cha kukaliwa, hata kama ni 12.

Wenye nyumba za kupangisha wana mambo yao. Anayepokea kodi kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka anaweza kulipa asilimia 7.5 ya kodi yote bila kuondoa gharama. Kabla ya Januari 2024 ilikuwa asilimia 10. Nafuu hii haikulenga kujenga nyumba, ililenga kuwaleta wenye nyumba kwenye daftari la KRA, basi ipimwe kwa hilo: walipaji wangapi wapya wamejiandikisha, na je, nyongeza yao inafidia asilimia 2.5 iliyoachwa kwa waliokuwa wakilipa tangu zamani? Anayechagua mfumo wa kila mwaka, wa kuondoa gharama kwanza, huondoa riba yake dhidi ya kodi bila kile kikomo cha 360,000, na hapo mwekezaji anamzidi mnunuzi anayetaka kuishi ndani. Lakini hasara ya nyumba za kupangisha haiwezi kukatwa kwenye mshahara wake. Inabaki kwenye mapato ya kodi za nyumba tu. Kizuizi hicho kilindwe. Australia inaruhusu hasara hiyo ikatwe kwenye mshahara. Iliwahi kuzuia mwaka 1985, ikarudisha mwaka 1987, na mabishano hayajaisha hadi leo.

Kamati ya Bunge ya Fedha na Mipango ya Kitaifa isiridhike na jumla ya ushuru ulioachwa. Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka kila msamaha wa ushuru uwe na rekodi ya wazi pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Hazina ya Taifa nayo huchapisha ripoti ya ushuru unaoachwa. Kinachokosekana ni mgawanyo. KRA ina ritani, na ritani ya mwenye kudai riba ina PIN (nambari ya mlipa ushuru) ya benki, nambari ya akaunti na salio la mkopo. Bila kutaja jina la mtu, inaweza kuonyesha kwa kila ngazi ya mshahara ni wangapi walidai, walidai kiasi gani, na mkopo ulichukuliwa lini. Kisha kamati ilinganishe mikopo mipya ya miezi 12 kabla ya Desemba 2024 na ya miezi 12 baadaye, ikitenga ile ya chini ya milioni 2.4 na ile ya juu, na ikikumbuka kwamba riba za benki nazo zilikuwa zikishuka wakati huo. Kama wanaodai wameongezeka lakini mikopo mipya haikuongezeka, pesa imewafikia waliokwisha kununua.

Wakiamua kupunguza, wawe waangalifu na tarehe. Machi 1988 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kuanzia Agosti watu wawili wanaonunua nyumba moja hawataweza tena kudai nafuu ya riba kila mmoja. Ile miezi michache ya katikati iliwafanya watu wakimbilie kununua, bei zikapaa, na waliochelewa kuingia wakabaki na madeni yanayozidi thamani ya nyumba soko liliposhuka. Nafuu yenyewe ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi ikafutwa Aprili 2000, na hatua hizo za polepole hazikuleta mkurupuko wa aina ile. Hapa kwetu ningetaka mikopo iliyopo ibaki na 360,000 zake kwa miaka mitano, mikopo mipya isipewe nafuu kuanzia siku ile ile ya kusomwa bajeti, na kiasi kitakachookolewa kifute ushuru wa stempu kwa nyumba ya kwanza ya bei isiyozidi milioni 4, iwe mpya au iliyotumika, ndani au nje ya mpango wa serikali.