Kinu cha Fermi kwenye kompyuta mpakato: mbona napata 1.03?

SWALI: Nasoma fizikia, mwaka wa tatu. Nimekijenga kwenye OpenMC, programu ya kufuatilia nyutroni mojamoja kwa bahati nasibu, kinu cha kwanza cha nyuklia, kile alichowasha Enrico Fermi mjini Chicago tarehe 2 Desemba 1942. Vitabu vinasema k yake, yaani uwiano wa nyutroni za kizazi kimoja kwa zile za kizazi kilichotangulia (ikifika 1 mnyororo unajiendesha), ilikuwa 1.0006. Mimi napata 1.03. Nimekosea wapi?

JIBU: Nashuku grafiti kwanza, ile kaboni iliyopunguza mwendo wa nyutroni ndani ya kinu. Bila shaka umeandika kaboni tupu. Grafiti halisi, hata iliyosafishwa vizuri, hubaki na chembe za boroni, na boroni ina uroho wa nyutroni usio na mfano. Piga hesabu: atomu ya kaboni hufyonza nyutroni za polepole kwa takriban barni 0.0035 (barni ni kipimo cha uwezekano wa atomu kunasa nyutroni), ya boroni kwa 760 hivi. Tia gramu moja ya boroni kwenye tani nzima ya grafiti, na ufyonzaji wa tani hiyo unapanda kwa karibu robo. Gramu moja tu! Ndiyo sababu Leo Szilard, mwanafizikia mwenzake Fermi, aliwaganda watengenezaji wa grafiti, na Wajerumani, baada ya vipimo vya mwanafizikia wao Walther Bothe vya 1941, wakaitupa grafiti na kushika maji mazito (maji yenye hidrojeni nzito).

Ila usiongeze boroni hovyo hadi jibu likupendeze. Hapo utakuwa unajidanganya. Anza na ufyonzaji uliopimwa kwa grafiti ya wakati ule, ugeuze kuwa kiasi cha boroni kinacholingana nao.

Tazama pia urani. Metali ilikuwa tani 5 na ushei, ikawekwa katikati. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa oksidi. Ukijaza metali kila mahali, k lazima ipae. Hewa nayo usiisahau, maana nitrojeni hula nyutroni. Fermi alikuwa ameagiza hema la kitambaa cha maputo ili hewa iweze kunyonywa, lakini halikuhitajika. Halafu hakikisha umewasha c_Graphite, jedwali la mtawanyiko wa nyutroni za polepole.

Baada ya hayo yote, mimi nisingeikimbiza 1.0006. Mashaka ya data za nyuklia zenyewe yanaizidi hiyo 0.0006, kwa hiyo ukiipata kamili ni bahati. Fanya walivyofanya wenyewe: walipanga matofali ya grafiti tabaka kwa tabaka, wakipima nyutroni kila walipopanda, na mchoro ukawaonyesha tabaka la kufikia. Walikomea la 57. Endesha modeli yako kwa matabaka 30, 40, 50 na 57, uone k inavuka 1 wapi. Ikivuka kwenye la 45, bado kuna kitu hukukiweka.

Na ongeza idadi ya nyutroni. Milioni moja hukuachia kosa la kitakwimu la takriban 0.001, kubwa kuliko kile unachokitafuta. Kulishusha mara kumi kunadai nyutroni mara mia, basi iache mashine ikeshe.