Ukienda Darwin, Australia, kusoma, usijidanganye na joto la Dar

Kila barua za kukubaliwa chuo zinapotoka, wasomaji wa Mombasa na Dar huniandikia jambo lile lile: sisi joto tumelizoea, Darwin itatushinda nini? Kwa joto, kweli, haitawashinda. Mji uko nyuzi 12 kusini mwa ikweta, mvua ni Novemba hadi Aprili, ukame Mei hadi Oktoba, na maembe huiva mvua zikikaribia. Wanaokwama hukwamishwa na nyumba, hesabu za kazi na bahari.

Tuanze na nyumba. Kimbunga Tracy kiliubomoa karibu mji mzima usiku wa kuamkia Krismasi 1974, na nyumba nyingi zilizofuata zikajengwa kwa matofali ya zege. Ni imara, lakini upepo haupiti kama kwenye nyumba ya Pwani yenye madirisha pande zote, kwa hiyo unaishi kwa kiyoyozi. Mgeni hukiweka nyuzi 18, kuta zinapoa, kisha anafungua mlango. Hewa ya nje imejaa unyevu. Ikigusa ukuta baridi inageuka majimaji. Baada ya siku kadhaa nyuma ya kabati pana madoa meusi, viatu vya ngozi vina vumbi la kijani, na bili ya umeme imepanda bure.

Weka nyuzi 25 au 26, washa na feni. Usiku wa mvua tumia hali ya kukausha hewa, ile yenye alama ya tone la maji kwenye rimoti. Sogeza kabati kiganja kizima kutoka ukutani. Vichujio vya kiyoyozi vitoe kila baada ya wiki mbili au tatu, uvioshe kwa maji na uvikaushe kabla ya kuvirudisha. Ukungu ukitokea, usiukwangue ukiwa mkavu maana utausambaza chumba kizima. Loweka kitambaa kwa siki nyeupe, pangusa, acha pakauke. Vyeti vyako vitie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Dhamana ya nyumba katika jimbo la Darwin, yaani Northern Territory, haizidi kodi ya wiki nne. Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila kona, na hasa dari ya bafuni, kisha umtumie mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Siku ya kuhama, madoa ya mpangaji aliyekutangulia yasije yakaandikwa jina lako. Na usitume hata senti kwa chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona. Nalirudia hili kila mwaka na kila mwaka kuna anayetuma.

Kazi ndiyo inayowaponza wengi. Visa ya mwanafunzi, ile ya namba 500, inaruhusu saa 48 kwa kila wiki mbili muhula ukiendelea. Likizo rasmi haina kikomo, ila kabla kozi haijaanza huruhusiwi kufanya kazi kabisa. Mtego uko kwenye kuhesabu: wiki mbili ni siku 14 zozote zinazoanza Jumatatu, wala hazifuati tarehe za mshahara. Ukifanya saa 20 wiki ya kwanza na 28 wiki ya pili, jumla ni 48, uko salama. Ukirudia 28 wiki ya tatu, wiki ya pili na ya tatu zimefika 56, umevunja sharti ingawa mwajiri haoni kosa. Andika saa zako kwenye daftari na kila Jumapili jumlisha wiki hiyo na iliyotangulia. Acheni kuambiana kwamba kila mtu anazidisha. Visa ikifutwa, inafutwa ya mmoja mmoja.

Namba ya mlipakodi inaombwa bure mtandaoni, anayekutoza kwa kukujazia anakula jasho lako. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Julai 2025 ni dola 24.95 za Australia kwa saa, na kibarua asiye na likizo ya malipo huongezewa asilimia 25. Mwajiri akikupa pesa mkononi bila hati ya malipo, ujue anakupunja, na akiba yako ya uzeeni ya asilimia 12 haiweki.

Bahari, kwa mtoto wa Pwani, ndiyo adhabu kubwa. Iko pale, ina joto zuri, na huingii. Kuna mamba wa maji ya chumvi mwaka mzima, na Oktoba hadi Mei konyeza wenye sumu inayoweza kusimamisha moyo. Ogelea kwenye ziwa la kutengenezwa la Waterfront au kwenye mabwawa ya manispaa. Mtu akiumwa na konyeza, piga 000, namba ya dharura, mmwagie siki kwa sekunde 30 hivi, usimsugue.

Mvua zikianza, usitembee peku kwenye matope. Udongo wa huko una bakteria wanaoleta ugonjwa uitwao melioidosisi, hatari zaidi kwa wenye kisukari, figo mbovu au wanywaji sana. Ukipata kibarua cha bustani vaa viatu na glovu, na homa ikikupata mwambie daktari ulishika udongo.

Msimu wa vimbunga unaanza Novemba. Weka lita kumi za maji kwa kila mtu, vyakula vya kopo, tochi, redio ya betri na pesa taslimu, maana umeme ukikatika kadi hazifanyi kazi. Upepo ukinyamaza ghafla katikati ya kimbunga usitoke: hilo ni jicho lake, na upepo utarudi kutoka upande wa pili. Subiri redio itangaze kwamba hatari imepita.