Barua kwa binti yangu: kuuliza kama mtu amepima

Mwanangu,

Habari za Dodoma? Sisi huku Arusha hatujambo, ila baba yako mguu bado unamsumbua. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona heri nikuandikie, maana kwa simu tungeishia kukatizana.

Unasema dada mmoja kwenye kikundi chenu cha maombi alishuhudia kwamba sukari yake imekwisha, akatupa vidonge kwenye pipa la taka, watu wakapiga vigelegele. Wewe ukamfuata pembeni kumuuliza kama amepima tena. Kiongozi wenu akasikia, akakusema mbele ya wenzako kwamba usomi wako unamzimisha Roho. Ndipo ukaniuliza: "Mama, kuhoji ushuhuda ni kukosa imani?"

Hapana. Na usidhani nasema hivyo kwa sababu tu nimestaafu uuguzi.

Fungua Luka 17. Wakoma kumi wamesimama mbali wanapaza sauti, na Bwana anawajibu, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Kwa nini makuhani? Soma Mambo ya Walawi 13 na 14 (najua ni sura ambazo kila mtu anaziruka). Hao ndio waliopewa kazi ya kukagua ngozi: waangalie kama pigo limeingia ndani, kama nywele zimegeuka nyeupe, wamtenge mtu siku saba kisha wamtazame upya. Kwa hiyo Yeye aliyewaponya ndiye aliyewatuma wakakaguliwe. Hakuona kwamba anavunjiwa heshima. Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho kuhusu ufufuo, anataja ndugu zaidi ya mia tano waliomwona Bwana, halafu anaongeza kwamba wengi wao "wanaishi hata sasa". Mtu asiyetaka kuulizwa hawezi kuandika hivyo. Anakuonyesha mashahidi walipo.

Sasa turudi kwa huyo dada. Umesema walikuwa kwenye mfungo wa siku tatu, na kwamba alikuwa akimeza dawa mpaka siku ile. Ukimchoma kidole saa ile, mashine inaweza kabisa kusoma sukari ya chini. Hapo utakuwa umejua kwamba hajala na dawa bado imo mwilini, basi. Kipimo cha kuomba ni HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Na hata hicho kikisoma vizuri kwa mtu anayetumia dawa, maana yake dawa inamfaa. Sisemi Mungu hawezi kumponya. Nasema ushuhuda ule haujatuonyesha kwamba amemponya, na hayo ni mambo mawili.

Mwaka 2011 ulikuwa bado mdogo, lakini nadhani unakumbuka kikombe cha Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, ambaye watu walimwita Babu, alisema Mungu amemwonyesha ndotoni dawa ya mti wa mugariga, na kwamba inaponya kisukari, saratani, hata Ukimwi. Kikombe shilingi 500. Watu wakamiminika kijijini kwake Samunge kutoka kila kona, wengine wakivuka mpaka kutoka Kenya. Foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita. Wenye uwezo wakaenda kwa helikopta. Kuna waliofia kwenye foleni. Mawaziri walikunywa. Wachungaji walikunywa.

Hoja niliyoisikia kila mahali, kanisani, sokoni, hata kwa wauguzi wenzangu, ilikuwa hii: "Babu hana tamaa, ni mzee wa watu, shilingi 500 tu, atudanganye ili apate nini?" Itazame vizuri, mwanangu. Hiyo ni hoja kuhusu tabia ya Babu, na kwa tabia huenda walisema kweli. Kuhusu dawa haikusema neno. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa, akaamini anachosema kwa moyo wake wote, na kikombe kisiponye. Watu walilipima lile la kwanza wakadhani wamelipima na hili la pili. Wodini tuliwapokea waliorudi: mama ameacha ARV tangu siku aliyokunywa, amekonda, kifua kimebana, kadi ya kliniki ameiacha nyumbani kwa sababu "sihitaji tena". Wale ndio walionifanya niwe mkali kwenye jambo hili.

Kaka yako ukimsimulia atacheka, atasema ndiyo sababu yeye haendi kanisani, kisha atakutajia Shakahola. Na kweli, ule msitu wa Kilifi, Kenya, ulitoa miili zaidi ya 400 kuanzia mwaka 2023, watu waliofunga kula mpaka wakafa wakitaraji kukutana na Yesu. Hilo sitalipamba. Lakini naye muulize kama amepima. Hospitali za Haydom na Bugando nazo zilitoka makanisani, na wagonjwa wanaopona pale wanapona kwa vipimo na dawa. Kutoka Shakahola kuruka mpaka "imani yote ni ujinga" ni haraka ileile ya wapiga vigelegele, ila imevaa miwani.

La kufanya wiki hii: mtafute yule dada kabla ya kiongozi. Dawa aliyokwisha kumeza haitakaa mwilini kwa muda mrefu, na sukari ikipanda anaweza asijisikie chochote mwanzoni. Msindikize kituo cha afya, aanze dawa tena mpaka daktari aseme vinginevyo. Nauli na kipimo nitawatumia. Kama kweli amepona, daktari ataliona kwa vipimo kadiri muda unavyokwenda, na sadaka ya shukrani nitaitoa mimi.

Kiongozi wako mwendee baadaye, mkiwa wawili tu, kwa heshima, Biblia ikiwa wazi kwenye Luka 17. Muulize kwa nini Bwana aliwatuma wale kumi kwa makuhani. Kisha niandikie alichokujibu, kwa maneno yake mwenyewe.

Mama yako